Mechi 263, magoli 7: Vic Thorp ni mkubwa kwa lipi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Naishi Melbourne na familia yangu, sisi asili yetu ni Mwanza. Mwanangu ana miaka 12 na anacheza ule mpira wao wa mikono na miguu, unaoitwa Australian rules. Kocha amemweka nyuma kabisa, na mtoto kila Jumamosi anarudi nyumbani analia, anataka kufunga. Jirani yetu mmoja, mzee shabiki wa klabu ya Richmond, alikuja kumfariji. Akamwambia beki mkubwa kuliko wote wa Richmond aliitwa Vic Thorp, na huyo alicheza mechi 263 akafunga magoli 7 tu. Badala ya kumfariji akamzidishia majonzi. Na mimi nimebaki najiuliza: katika mchezo ambao timu moja inaweza kufunga magoli 15 mchana mmoja, mtu wa magoli 7 maisha yake yote anaitwaje mkubwa? Nimwambie nini mwanangu?"

Marahaba, ndugu yangu. Mpe pole kijana, na mzee jirani mwambie namsalimu, kwa sababu hakukosea hata nukta. Thorp aliichezea Richmond kuanzia mwaka 1910 hadi 1925, misimu 16, mechi 263, magoli 7. Alichosahau mzee ni kumweleza mtoto kwamba hizo ni namba mbili, na kwa beki ile ya kwanza ndiyo yenye habari zake.

Mimi mwenyewe nilikuwa beki wa kati, huko Tanga, miaka tisa kwenye viwanja vya mchanga. Hadi leo naweza kukutajia mabao matatu yaliyopita upande wangu, nani alipiga na kipa alikuwa amesimama wapi. Mipira niliyoizuia siikumbuki, na sijakutana na mtu anayeikumbuka. Kwa hiyo mwanao namwelewa vizuri sana, na swali lako nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wasomaji wetu wengi walioko nyumbani hawajawahi kuuona. Uwanja una umbo la yai na ni mkubwa kuliko uwanja wa soka. Kila upande una wachezaji 18. Mwisho wa uwanja hakuna wavu, hakuna mwamba wa juu wala kipa. Kuna nguzo nne zilizopangwa mstari mmoja: mbili ndefu katikati, mbili fupi pembeni. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya zile ndefu bila kuguswa na mtu ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni pointi 1. Na sikiliza hili, kwa sababu ndipo maisha ya beki yalipo: mpira unaoelekea katikati kabisa, beki akiugusa hata kwa ncha ya kidole kabla haujavuka mstari, haugeuki kuwa sifuri. Unageuka kuwa pointi 1. Kidole kimoja kimeokoa pointi 5.

Halafu kuna kudaka, ambako wenyewe wanakuita maki. Mpira uliopigwa kwa mguu ukiudaka hewani safi, mchezo unasimama kwa ajili yako na unapiga bila kubughudhiwa. Straika akidaka mbele ya goli ni kama amepewa penalti. Beki akidaka, hatari imekwisha na shambulizi linaanzia kwake. Akiona hawezi kudaka, anaupangua kwa ngumi, kama kipa wetu afanyavyo kwenye kona.

Tena hakuna kuotea. Beki wa soka akizidiwa mbio ana ujanja wake: anapanda mbele pamoja na wenzake, wanamwacha straika nyuma yao, kibendera kinainuliwa. Thorp hakuwa na ujanja huo. Straika aliruhusiwa kusimama mlangoni mchana kutwa akisubiri mpira wa juu, na beki alilazimika kusimama naye. Zama hizo zilikuwa dakika 100 za mtu na mtu, robo nne za dakika 25 kila moja, na saa ilisimamishwa mchezo ukisimama, kwa hiyo hali halisi ilikuwa ndefu kuliko hapo. Straika akishindwa mara tisa akafanikiwa ya kumi, magazeti ya Jumatatu yana jina lake. Beki akifanikiwa mara tisa akashindwa ya kumi, magazeti ya Jumatatu yana jina la straika vilevile.

Sasa turudi kwenye 263. Zama hizo ligi ya Victoria ilikuwa na mechi 16 hadi 18 kwa msimu kwa kila timu, kisha timu nne za juu zikacheza za mwisho kutafuta bingwa. Wakati wa vita zikapungua, na mwaka 1916 timu ilicheza mechi 12 tu. Chukua kalamu, gawa 263 kwa misimu 16. Unapata zaidi ya mechi 16 kwa msimu, ukiuhesabu na ule mfupi wa vita. Fikiria maana yake. Mtu huyu katika miaka 16 karibu hakukosa mechi. Na hizi ni enzi za kabla ya benchi: mchezaji wa akiba, mmoja tu, aliruhusiwa kwenye ligi hiyo mwaka 1930, miaka mitano baada ya Thorp kustaafu. Ukivunjika kidole unafungwa kitambaa unaendelea. Ukiteguka goti, ama unachechemea hadi mwisho, ama wenzako wanabaki 17. Na nafasi yake ni ile ambayo mtu mzito anakurukia mgongoni kwa goti ili adake mpira juu ya kichwa chako, jambo ambalo sheria za mchezo huo zinaliruhusu na mashabiki wanalipa kiingilio kuliona.

Alikuwa na kazi nyingine ya wiki pia, kama wenzake wengi. Ligi iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1911, lakini kwa wengi malipo hayo hayakuwa ya kuacha kazi. Mtu alifanya kazi siku zake, Jumamosi mchana akaenda uwanjani, Jumatatu akarudi kazini na michubuko yake. Miaka 16 ya namna hiyo. Nikiona namba 263 naona kwanza mwili uliokataa kulala kitandani.

Richmond aliyoingia Thorp mwaka 1910 haikuwa Richmond ya jirani yako. Ulikuwa mtaa wa wafanyakazi, wa viwanda na nyumba zilizobanana, na timu yenye jezi nyeusi na njano iliyokuwa imepandishwa ligi kuu mwaka 1908, baada ya kuchukua ubingwa wa ligi ya chini yake mwaka 1902 na 1905. Uwanja wao ulikuwa Punt Road, hatua chache kutoka ule uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne. Kwa misimu sita ya kwanza ya Thorp, Richmond haikufika hata mara moja hatua ya timu nne bora. Iliingia mwaka 1916 kwa sababu ya vita: vilabu vingine vilisimama, vikabaki vinne tu, Richmond, Collingwood, Carlton na Fitzroy, na vyote vinne vikaenda hatua ya mwisho. Mwaka uliofuata, 1917, Richmond ilishika mkia.

Watu wanapozungumzia beki mkubwa hupenda kumwazia kwenye timu kubwa, amezungukwa na wenzake wazuri, anaguswa na mpira mara tatu kwa mchana. Mimi naona miaka hii ya taabu ndiyo iliyomtengeneza Thorp. Timu inayoshika mkia haimpumzishi beki wake wa mwisho. Kiungo wakizidiwa, winga wakizidiwa, kila kosa la watu 17 linateremka hadi kwa mtu mmoja aliyesimama mlangoni. Mtu wa nafasi hiyo katika timu hiyo anaona mashambulizi ya msimu mmoja ambayo mwenzake wa timu tajiri atayaona kwa misimu mitatu. Anajifunza kusoma bega la mpigaji kabla mguu haujanyanyuka.

Na waliokuwa wakimjia hawakuwa watu wadogo. Wa kwanza kutajwa lazima awe Dick Lee wa Collingwood, aliyecheza kuanzia 1906 hadi 1922 na kufunga magoli 707 katika mechi 230. Weka namba hizo kando ya zile za Thorp: 707 na 7. Lee alikuwa mrukaji. Ipo picha yake ya mwaka 1914 akiwa hewani, juu ya bega la mpinzani, mpira mikononi, nayo ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za mchezo huo. Collingwood na Richmond ni mitaa jirani, wanakutana kila msimu, na mtu akiwa straika wa upande mmoja na mwingine beki wa mwisho wa upande wa pili, wanajuana kwa miaka kuliko ndugu wanavyojuana. Fitzroy walikuwa na Jimmy Freake, mfupi na mwepesi. Baadaye, mwaka 1924, Fitzroy hao hao wakamleta Jack Moriarty, naye mwembamba, akafunga magoli 82 kwa msimu, rekodi mpya ya ligi. Thorp alikuwa bado yupo, anaelekea miaka 34.

Angalia tofauti ya wapinzani hao. Mrukaji unamkaba kwa kumtangulia, unachukua ile hatua moja anayoihitaji ili aruke. Mwepesi hamkimbizani, maana atakushinda. Unasimama kati yake na mpira, unamlazimisha azunguke upande wa pembeni, ambako hata akipiga, nguzo zitaonekana nyembamba. Beki mwenye mbinu moja anadumu misimu miwili. Aliyedumu 16 alikuwa na kabati zima.

Nimesema nguzo zitaonekana nyembamba. Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 1919 Richmond ilifika fainali yake ya kwanza na ikafungwa na Collingwood, 78 kwa 53. Mwaka uliofuata akaja Dan Minogue kuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Minogue alikuwa nahodha wa Collingwood kabla ya kwenda vitani. Aliporudi akataka kuhamia Richmond, Collingwood wakamkatalia, akakubali kukaa msimu mzima wa 1919 bila kucheza ili aondoke. Husimuliwa kwamba Collingwood waliigeuza picha yake ikatazama ukuta. Tarehe 2 Oktoba 1920 timu hizo zikakutana tena kwenye fainali, na Richmond ikashinda 52 kwa 35. Ubingwa wa kwanza. Collingwood waliofunga magoli 11 mwaka mmoja kabla, safari hii walipata 5.

Halafu ikaja fainali ya mwaka 1921 dhidi ya Carlton. Wenyewe wanaandika matokeo kwa namna yao: kwanza magoli, kisha zile pointi za pembeni, kisha jumla. Richmond 5.6, jumla 36. Carlton 4.8, jumla 32. Naomba uisome karatasi hiyo pamoja na mwanao, polepole. Carlton walipata mafanikio 12 ya namna moja au nyingine, Richmond 11. Carlton ndio waliozifikia nguzo mara nyingi zaidi, na wamefungwa. Kwa nini? Kwa sababu mara 8 kati ya hizo 12 mpira haukuingia katikati. Mmoja alipiga akiwa amesukumwa pembeni. Mwingine aliharakishwa. Mwingine huenda aliguswa na kidole. Tofauti ya mchezo ilikuwa pointi 4, na kidole kimoja, kama nilivyokwambia, kina thamani ya pointi 5.

Ile 8 imeandikwa kwenye safu ya Carlton kana kwamba ni mali yao. Mimi nikiisoma naona kazi ya mabeki wa Richmond, mstari mzima wa nyuma: Thorp, na Max Hislop kando yake, ambaye anakumbukwa kwa kuondoka na mpira ubavuni mwa uwanja katika dakika za mwisho za fainali hiyo Carlton wakitafuta goli la kuwaokoa. Kitabu cha kumbukumbu hakina safu ya "nani alisababisha hii isiwe goli". Hakikuwahi kuwa nayo.

Na kila pointi ya pembeni inaleta kazi nyingine. Refa wa nguzo, ambaye zama hizo alivaa koti jeupe, anapeperusha kibendera, na mpira unarudishwa uchezwe kutoka mlangoni. Kwa desturi ya zama hizo aliyeupiga alikuwa beki wa mwisho. Jaribu kuiona sekunde hiyo. Amesimama peke yake katika kiboksi mbele ya nguzo, mpira wa ngozi mikononi, umeshonwa kwa kamba, umenyonya maji tangu robo ya kwanza na umekuwa mzito. Ni majira ya baridi ya Melbourne, matope yanafika kwenye kamba za viatu. Wachezaji wengine wote 35 wanamtazama. Akipiga katikati, mpinzani mmoja akidaka, hilo ni goli la bure na kosa ni lake mwenyewe. Akipiga pembeni sana, mpira unatoka. Pigo la mbali la zama hizo lilikuwa la kuudondosha mpira ukagusa ardhi, na mguu ukaukuta ukiwa ndiyo kwanza unanyanyuka. Kwenye ardhi ngumu ni pigo zuri ajabu, mpira unasafiri chini na mbali. Kwenye matope mpira hauinuki. Unapokea unyevu na kubaki pale, na mguu unakuta udongo. Kwa hiyo lazima ajue, kwa kutazama tu, sehemu ya kiboksi ambayo bado ina nyasi. Alifanya hivyo kwa miaka 16. Beki anayebutua hovyo hawezi kuachiwa kazi hiyo hata mwezi mmoja.

Nikupe mfano mmoja ambao huniuma kila nikiufikiria. Katika ile fainali ya mwaka 1920 Richmond ilimchezesha kijana mgeni kutoka mikoani, Bill James. Alicheza vizuri, akafunga goli lililosaidia kuizima Collingwood. Baadaye akajeruhiwa mguu kwa bunduki katika ajali ya uwindaji, na hakucheza ligi hiyo tena. Mechi moja, fainali, goli, basi. Kisa chake kinasimuliwa mpaka leo, na ni haki kisimuliwe, kwa kuwa ni kisa cha kusikitisha na cha ajabu. Lakini mtu anaweza kukisimulia chote, kuanzia goli mpaka risasi, bila kumtaja aliyekuwa amesimama upande wa pili wa uwanja mchana ule ule, akihakikisha Collingwood wanaishia magoli 5. Macho ya binadamu hufuata mpira unapoingia.

Utaniuliza: je, zama hizo hakukuwa na tuzo? Medali ya mchezaji bora wa ligi, ya Brownlow, ilianza kutolewa mwaka 1924, Thorp akiwa katika msimu wake wa 15. Namba mgongoni zilianza mwaka 1912. Misimu miwili ya kwanza ya Thorp, mtazamaji aliyetaka kumjua ilimbidi amjue kwa mwendo na sura. Kilichohesabiwa na kuchapishwa kila wiki ni magoli na nani kayafunga. Kwa hiyo ukifungua kumbukumbu leo, mistari ya Lee ni mirefu na imejaa, na wa Thorp una herufi chache na saba yake. Ni kama shajara ya mlinzi wa usiku: usiku mwema hauna cha kuandikwa.

Hata hiyo 7 yenyewe mimi siioni kama aibu. Mchezo huo hauna mstari unaomzuia beki asipande. Kila Jumamosi alikuwa na ruhusa ya sheria kukimbia na mpira hadi upande wa pili, na kila straika amekwisha choka robo ya nne. Beki mwenye mguu na mwenye tamaa angeweza kukusanya magoli yake arobaini au hamsini katika miaka 16 kwa kuacha mlango wazi mara moja moja. Namba 7 kwa mechi 263 inaniambia kuwa aliyejaribiwa kupanda alibaki.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi hawaliunganishi na maisha yake, nami naona linastahili. Miaka karibu yote ya Thorp, mpira ukitoka nje refa wa pembeni aliurudisha kwa kuurusha juu, timu zote mbili zikaugombea. Hilo lilikuwa kimbilio la beki aliyebanwa: usukume nje, pumua, panga watu. Mwaka 1925 sheria ikabadilishwa: timu iliyoutoa mpira inaadhibiwa, wapinzani wanapewa pigo la bure. Mabeki wakapoteza kimbilio, mipira ikalazimishwa kubaki katikati, na miaka iliyofuata ikawa ya mastraika. Gordon Coventry wa Collingwood, aliyeanza mwaka 1920 wakati Lee anaelekea kumaliza, mwaka 1929 akawa wa kwanza katika ligi hiyo kufikisha magoli 100 kwa msimu, na akastaafu na jumla ya 1299. Msimu wa kwanza wa sheria hiyo mpya ulikuwa wa mwisho kwa Thorp. Sisemi kwamba aliikimbia. Alikuwa na miaka karibu 35. Nasema ukiwalinganisha mabeki wa kabla na wa baada ya 1925 bila kuikumbuka sheria hiyo, utawaonea wa upande mmoja.

Baada ya kuacha kucheza alibaki karibu na klabu yake hadi alipofariki mwaka 1941. Mwaka 1998 Richmond ilipochagua kikosi chake cha karne, nafasi ya beki wa mwisho ilikuwa yake. Kushoto na kulia kwake wamewekwa Kevin Sheedy na Michael Green, watu wa miaka ya sitini na sabini, waliocheza kizazi kizima baadaye. Waliopiga kura wengi wao hawakumwona akicheza. Walichokuwa nacho ni maneno ya waliomwona, yaliyopokezanwa ndani ya klabu kwa zaidi ya miaka sabini. Magoli hujitunza yenyewe kwenye karatasi. Sifa ya beki haina pa kukaa ila vinywani mwa watu, na ya kwake ilifika.

Sasa mwanao. Kama hajamjua Aliir Aliir, mwonyeshe. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, huko kwetu Afrika Mashariki, kaskazini mwa Kenya, wazazi wake wakiwa ni watu wa Sudan Kusini. Ni beki. Alianzia Sydney, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima kama beki. Hufunga kwa nadra sana. Lakini yeye ana bahati ambayo Thorp hakuwa nayo: siku hizi mipira ya adui anayoidaka inahesabiwa, anayoipangua inahesabiwa, na mtangazaji anaitaja. Mtoto akikaa kwenye televisheni atasikia jina la beki likitajwa bila goli lolote kufungwa. Hilo litamsaidia kuliko hotuba yangu na yako.

Na wewe baba mtu, Jumamosi ijayo nenda uwanjani na daftari. Usifuate mpira. Mtazame mwanao na yule mtoto anayemkaba, basi. Andika mistari minne tu: mipira iliyokuja upande wake, aliyoidaka, aliyoipangua au kuigusa, na ile ambayo yule straika alipiga akiwa amesukumwa pembeni ikaenda pointi 1. Hii ya nne usiiache, ni rahisi kuipita kwa sababu kwenye ubao inaonekana kama mafanikio ya wapinzani. Mkirudi nyumbani, kabla hajaanza kulia, mzidishie ya nne kwa tano umsomee.